"Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa": Jean Valjean alirudia siku ileile (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kila inapotajwa Les Misérables ya Victor Hugo humu ndani, husimuliwa jambo moja. Mfungwa aliyetoka gerezani aliiba vyombo vya fedha vya askofu, askofu akamwokoa mikononi mwa askari, mfungwa akawa mtu mwema. Basi. Juzi nimeimaliza riwaya hii kwa mara ya pili, na nasema habari haikwenda hivyo. Kati ya kusamehewa na kuwa mwema kuna tukio la kurasa chache ambalo wengi wanalipita mbio, na kwangu mimi ndilo lililobeba kitabu kizima. Naomba mnivumilie, nataka kulieleza taratibu.

Kwanza niseme kwa nini linanigusa. Nina mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mweka hazina wa kikoba mtaani kwetu. Akala pesa za watu, akafungwa miaka miwili. Alipotoka alifikia nyumbani. Mama alimtandikia kitanda cha chumba cha wageni, shuka mpya. Asubuhi tukamkuta kalala sakafuni kwenye mkeka, kitanda hakijaguswa. Wiki za mwanzo kila alipotaka kwenda msalani alikuwa anasimama mlangoni mwa sebule, ndala mkononi, anasubiri mmoja wetu amtazame na kumwitikia kwa kichwa. Mtu mzima wa miaka hamsini. Na mimi siku zile nilikuwa nalala na simu chini ya mto. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nilipofika pale Valjean analazwa kwenye shuka nyeupe, kitanda cha kwanza baada ya miaka 19, halafu anaamka saa nane usiku kwa sababu kitanda ni kizuri mno, nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Kwa ambao hawajasoma: Jean Valjean alikuwa mpogoa miti wa kijiji cha Faverolles. Dada yake alikuwa mjane mwenye watoto saba, na yeye ndiye aliyewalisha wote. Majira ya baridi ya 1795 kazi ikakosekana. Akavunja kioo cha duka la mikate, akachukua mkate mmoja. Akapewa miaka 5 ya kazi ngumu, akapelekwa gereza la Toulon. Akajaribu kutoroka mara nne, kila mara wakamwongezea, ikafika miaka 19. Ametoka Oktoba 1815 na faranga 109 na sou 15 (sou 20 ni faranga moja) mfukoni, ujira wa miaka yote hiyo, pamoja na hati ya kusafiria ya rangi ya njano inayomtangaza kwa kila atakayeisoma kwamba huyu alikuwa mfungwa na ni mtu wa hatari sana.

Hiyo hati ya njano iangalieni vizuri. Mtu amemaliza adhabu yake, lakini amekabidhiwa karatasi ya kuiendeleza. Anafika mji wa Digne amechoka kwa kutembea kutwa nzima, ana pesa ya kulipia chakula, na nyumba ya wageni ya kwanza inamfukuza. Ya pili inamfukuza. Anagonga gerezani aombe japo kulala, anaambiwa gereza si nyumba ya wageni, kwanza ukamatwe. Anajiingiza kwenye kibanda akidhani ni cha wafanyakazi wa barabara, kumbe ni cha mbwa, na mwenye kibanda anamtoa kwa meno. Ndipo mama mmoja anamwonyesha mlango wa Askofu Myriel.

Askofu anamwita "bwana". Ukishakaa na mtu aliyetoka gerezani utajua neno hilo lina uzito gani.

Anakula, analala, anaamka, anaiba vijiko na uma za fedha, anaruka ukuta. Asubuhi askari wanamrudisha kashikwa shingo. Askofu anasema: mbona umesahau vinara, navyo nilikupa. Anampa vile vinara viwili vya fedha na kumwambia asisahau kwamba ameahidi kutumia fedha hizo kuwa mtu mwaminifu. Valjean hakuwa ameahidi kitu. Ahadi ile askofu alimwekea mdomoni.

Wengi mnafunga hesabu hapo. Naendelea.

#2 Mleta uzi

Siku hiyohiyo, jua linazama, Valjean amekaa nyuma ya kichaka kwenye uwanda mtupu nje ya mji. Begani ana mkoba, na ndani yake kuna vyombo ambavyo kwa hesabu yake mwenyewe vina thamani ya faranga 200 kwa uchache, mara mbili ya ujira wake wa miaka 19. Vinara havijahesabiwa humo. Kwa maisha ya siku zile huyu si maskini tena.

Anapita mtoto wa miaka kumi hivi, mmoja wa wale vijana wa milima ya Savoie waliokuwa wakizunguka Ufaransa kusafisha mabomba ya moshi na kupiga vinanda vya kuzungusha kwa mkono. Jina lake Petit Gervais. Anaimba huku akirusha sarafu zake juu na kuzidaka kwa mgongo wa kiganja. Sarafu ya sou 40, yaani faranga mbili, labda mali yake yote, inamponyoka na kubiringika hadi miguuni pa Valjean. Valjean anaikanyaga.

Mtoto anaomba. Anamshika ukosi wa koti, anamtikisa, anajaribu kuusukuma ule mguu wenye kiatu kilichopigiliwa chuma. "Hela yangu, bwana!" Valjean anainuka na kumfokea mpaka mtoto anakimbia akilia, asithubutu hata kugeuka.

Kwa hiyo, wakuu, methali yetu inasema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Huyu amerudia. Tena hajamaliza hata kutwa moja, tena kwa mtoto, tena bila njaa. Nafasi ya pili aliyopewa asubuhi ameichezea jioni.

Hugo anaeleza kwamba si Valjean aliyeiba pale, ni mnyama wa mazoea aliyeweka mguu juu ya sarafu wakati akili ya mtu ikiwa imezibwa na mambo mapya. Anapoiona ile sarafu inang'aa kwenye kokoto anashtuka kama aliyepigwa umeme. Anakimbia kumtafuta mtoto, anaita jina lake kila upande wa uwanda. Anakutana na padri juu ya farasi, anampa faranga 20 kwa ajili ya maskini wake kisha anamwambia: nikamateni, mimi ni mwizi. Padri anaogopa, anapiga farasi mbio. Anaita tena na tena mpaka sauti inakwisha. Magoti yanamlegea, anakaa juu ya jiwe na kulia, mara ya kwanza kwa miaka 19.

Tumaini la kitabu hiki linaanzia kwenye jiwe hilo. Wema wa askofu ulimpata Valjean akiwa bado na hasira. Alipotoka pale mlangoni alikuwa kachanganyikiwa tu. Kilichombadilisha ni kujiona amefanya ubaya ambao safari hii hana wa kumsingizia. Mkate ungeweza kuusingizia njaa, na vyombo vya askofu ungeweza kuvisingizia gereza. Faranga mbili za mtoto utamsingizia nani?

#3 Msomaji wa Usiku

Mkuu, nimekusoma mwanzo mwisho. Ila nina pingamizi. Unaonyesha vizuri kwamba jamaa alirudia kosa, halafu unataka tuseme hilo ndilo tumaini? Mimi ninafanya biashara ya duka. Nilimsamehe kijana wa dukani kwa kunidokolea, nikamrudisha kazini, baada ya mwezi akanifilisi mauzo ya wiki nzima. Huyo askofu hakuwa na watoto wa kusomesha. Na tukisema ukweli, alidanganya askari. Ukiwasamehe watu namna hiyo unafuga wezi.

#4 Mleta uzi

Kaka, pole kwa hilo la dukani. Sikudharau, maana hata kikoba cha mjomba kilikuwa na akina mama waliokosa ada za watoto mwaka ule. Aliyeibiwa ana haki ya kuumia, na sioni popote Hugo anapomnyima haki hiyo. Petit Gervais analia kitabuni na kilio chake hakifutwi.

Ila kuhusu askofu, soma tena alivyolipa. Mtumishi wake, Bi Magloire, anakuja asubuhi kusema kikapu cha vyombo hakipo. Askofu, kabla hata mwizi hajaletwa na askari, anasema: fedha ile nilikuwa naishikilia isivyo haki kwa muda mrefu, ilikuwa mali ya maskini. Nani alikuwa mtu yule? Maskini, bila shaka. Bi Magloire anauliza, sasa utakula kwa nini? Bati? Bati lina harufu. Chuma? Chuma kina ladha. Basi, anasema, vijiko vya mti. Ule msamaha umemgharimu kitu alichokipenda, maana Hugo alishatueleza kwamba kula kwa vijiko vya fedha ndiyo ilikuwa anasa pekee iliyombakia. Mshahara wake wa faranga 15,000 kwa mwaka alikuwa anabaki na 1,000, na jumba lake kubwa alikuwa kabadilishana na hospitali kwa sababu wagonjwa 26 walikuwa wamebanwa kwenye vyumba vidogo.

Askofu alikuwa na kitu cha kupoteza na akakubali kukipoteza. Wewe nawe ulikuwa nacho ukapoteza, nami sikuhukumu ukisema umeshindwa kurudia. Ninachosema ni kwamba kitabu hakitudanganyi kuhusu bei. Wala hakisemi ukisamehe leo utaona matunda leo. Siku ile, jioni ile, ungemuuliza mtu yeyote wa Digne angekwambia askofu ametapeliwa.

Nimalizie na hili. Usiku wa manane, mwendesha gari la abiria la Grenoble alipita mtaa wa askofu, akaona mtu amepiga magoti gizani mbele ya mlango. Hugo hasemi zaidi ya hapo. Sura inaishia pale.

#5 Mleta uzi

Naendelea, maana ile sarafu haijaisha kazi.

Valjean anatokea Montreuil-sur-Mer, kaskazini, mwisho wa 1815, kwa jina la Madeleine. Siku anayoingia mji kuna moto, anaokoa watoto wawili kutoka ndani ya jengo linaloungua, na kwa kuwa ni watoto wa kamanda wa askari hakuna aliyekumbuka kumuuliza hati. Hilo nalo lizingatieni: nafasi yake ya kuanza upya ilitokana na karatasi kutoangaliwa. Anagundua njia nafuu ya kutengeneza shanga nyeusi za mapambo, anafungua kiwanda, mji unashiba, mwaka 1820 anafanywa meya.

Na kila kijana wa Savoie anayepita mji ule, meya anamwita, anamuuliza jina lake, anampa pesa. Wale vijana wanaambizana, wanazidi kuja. Watu wa mji hawajui kwa nini. Msomaji anajua.

Halafu inakuja habari ya mji wa Arras, 1823. Mzee mmoja, Champmathieu, kakamatwa na tawi la mtofaa lenye matunda, na wafungwa watatu wanaapa kwamba yeye ndiye Jean Valjean. Kosa kubwa linalomsubiri Valjean si mkate tena. Ni Petit Gervais. Wizi wa barabarani uliofanywa na mtu aliyekwisha kufungwa, na adhabu yake ni kazi ngumu maisha. Zile faranga mbili ndizo sheria ilizoziandika. Vinara vya askofu sheria haivijui.

Meya yuko huru kunyamaza. Mzee ataozea gerezani badala yake, faili la Jean Valjean litafungwa milele. Usiku huo Hugo anampa sura nzima ya mateso ya nafsi, na ndani yake kuna kitu kimoja ambacho sitakisahau. Valjean anatoa kabatini nguo zake za zamani, ule mkoba na ile fimbo, anatupa vyote motoni aumalize ushahidi. Mkoba unapoungua, kitu kinang'aa kwenye majivu. Sarafu ya sou 40. Miaka minane alikuwa ameihifadhi. Anaipita bila kuitazama, anavikuta vinara juu ya meko, anavichukua navyo avitie moto.

Vyote viwili viko chumba kimoja, kosa lake na msamaha wake, na usiku ule anataka kuunguza vyote. Ndipo anasikia sauti ndani yake ikimwita kwa jina lake la kweli, anavirudisha vinara mahali pake.

Asubuhi anapanda gari kwenda Arras, na bado hajaamua. Njiani gurudumu linaharibika, fundi anasema haliwezi kuwa tayari leo, na Hugo anaandika jambo la kweli kabisa kuhusu binadamu: Valjean anafurahi. Anavuta pumzi. Nimejaribu, Mungu amezuia, si kosa langu. Mara mtoto mmoja aliyekuwa akisikiliza anakimbia na kurudi na bibi kizee mwenye gari la kukodisha. Safari inaendelea. Yule mtoto anamfuata kuomba chochote, ni mimi niliyekutafutia gari, na meya huyu anayetoa kwa kila mtu anamfokea, hupati kitu. Mtoto mwingine, sarafu nyingine. Miaka minane ya wema, na ule mguu bado unajua kukanyaga.

Ila anafika. Anaingia mahakamani, anashika kitasa cha mlango, anarudi nyuma, anashika tena. Anasimama mbele ya wote anasema: Jean Valjean ni mimi. Hawaamini. Wanadhani meya amerukwa na akili. Inabidi awathibitishie yeye mwenyewe, anawaambia wale wafungwa mambo ambayo mwenzao tu angeyajua: mmoja alikuwa na kanda za begani za kushikilia suruali, za kufuma, zenye mirabaraba, mwingine bega limeungua, wa tatu mkononi kachanjwa tarehe ya Machi 1, 1815, siku Napoleon alipotua karibu na Cannes. Mtu anahangaika kutoa ushahidi ili afungwe yeye.

Kwangu hapo ndipo alipoipokea nafasi aliyopewa Digne.

#6 Bi Mkubwa wa Moro

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha shule miaka 31, sasa nimestaafu, nasoma sana. Mleta uzi umeeleza vizuri mpaka nimetaka kukirudia kitabu. Lakini mwanangu, umepita mbele ya Fantine kama vile hayupo. Meya huyu unayemsifu ndiye mwenye kiwanda kilichomfukuza yule binti. Mbona yeye hakupewa nafasi hata moja?

#7 Mleta uzi

Shikamoo mama. Umenishika pabaya na unastahili kunishika.

Ni kweli tupu. Fantine alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Madeleine. Alikuwa na mtoto nje ya ndoa, Cosette, amemwacha kijiji cha Montfermeil kwa akina Thénardier, wenye nyumba ya wageni, na alificha. Walipojua, msimamizi wa wanawake alimpa faranga 50 na kumfukuza kwa jina la meya. Meya hakujua. Alikuwa ameweka wanawake chumba chao na msimamizi wao kwa ajili ya maadili, akaamini kila kitu kiko sawa, na kwenye chumba hicho hakuwa akiingia.

Baada ya hapo ni kushuka tu. Thénardier anaandika barua kwamba mtoto anakufa kwa baridi, Fantine anauza nywele zake kwa faranga 10, ananunua sketi ya sufu. Wanaandika tena kwamba mtoto anaumwa, anatakiwa dawa, anauza meno mawili ya mbele kwa faranga 40. Jirani yake anamkuta asubuhi kakaa kitandani, mshumaa umekwisha, anatabasamu na pale mdomoni ni tundu jeusi. Mtoto hakuwa mgonjwa.

Mama, mara ya kwanza niliposoma niliona ukurasa huo kama wa kuliza tu. Mara ya pili nimeona mtu aliyepewa nafasi na askofu, tena mtu mwema kabisa, anajenga kiwanda chenye kanuni ambazo zingemtupa nje yeye mwenyewe. Sharti lake lilikuwa uwe mwaminifu, basi. Fantine alificha jambo moja kwa kumpenda mwanawe. Yeye alikuwa kaficha jina lake lote. Anapokuja kugundua, binti ameshakuwa mgonjwa wa kufa, na kinachobaki ni kwenda kumchukua Cosette, usiku wa kuamkia Krismasi 1823, akimkuta msituni gizani akitoka kuchota maji na ndoo kubwa kuliko yeye. Anawalipa Thénardier faranga 1,500 na kuondoka na mtoto. Cosette amepata maisha mengine. Mama yake hakuyapata. Hugo hakujaribu kulisawazisha hilo, nami nashukuru hakujaribu.

#8 Utingo Msomaji

Nimeingia kwa kuchelewa. Javert je? Mimi nilimchukia kitabu kizima halafu alipojitupa mtoni nikabaki sijui nihisi nini.

#9 Mleta uzi

Ndugu yangu, nami nilimchukia mara ya kwanza.

Inspekta Javert alizaliwa gerezani. Mama yake mpiga ramli, baba yake mfungwa wa kazi ngumu. Akaona jamii ina makundi mawili ambayo imeyafungia nje milele, wanaoishambulia na wanaoilinda, akachagua kulinda. Na huyu si mnafiki. Alipodhani amemshtaki meya bure kwamba ndiye Valjean, alikwenda mwenyewe ofisini kwa meya kuomba afukuzwe kazi. Hakujisamehe hata yeye, na mtu wa namna hiyo atamsameheje mwingine?

Juni 1832 Paris inaasi, vijana wanaziba barabara kwa mawe na mbao, Javert anakamatwa kama jasusi. Valjean anaomba apewe yeye amuue. Anamchukua uchochoroni, anamkata kamba, anapiga risasi hewani, anampa na anwani ya anapoishi. Baadaye Javert anamkuta akitoka kwenye mtaro wa majitaka na kijana Marius, mpenzi wa Cosette, mgongoni, na badala ya kumkamata anamwacha. Hapo ndipo anapovunjika. Maana sasa anadaiwa maisha yake na mtu ambaye kwa hesabu zake hawezi kuwa mwema.

Kabla ya kujitupa mto Seine anaingia kituo cha polisi na kuandika barua ya mapendekezo ya kazi. Someni mnayoyaona humo. Kwamba wafungwa wakirudi kuhojiwa wanavuliwa viatu na kusimamishwa juu ya mawe wakati wa kupekuliwa, wengi wanarudi wakikohoa. Kwamba kwenye karakana ya kufuma mfungwa anakatwa sou 10 kwa uzi uliokatika, ilhali kitambaa hakiharibiki. Miaka yote amewaona wafungwa na leo kwa mara ya kwanza ameona miguu yao. Sou 10 za uzi! Nadhani huo ndio mwanzo wake wa kuwa mtu mwingine, umeandikwa kwa lugha ya kiofisi kwa sababu hakuwa na lugha nyingine. Akaweka sahihi, akatoka. Msamaha aliupata kama alivyoupata Valjean. Hakuwa na jiwe la kukalia alie.

Hugo mwenyewe aliianza riwaya hii 1845, akaiweka kando 1848, akaishika tena 1860 akiwa uhamishoni kisiwa cha Guernsey, ikatoka 1862. Nafikiri mtu aliyeandika kitu miaka mingi namna hiyo, nusu yake akiwa kafukuzwa kwao, alijua kwamba mambo haya hayaishi kwa usiku mmoja.

Hata mwishoni hayaishi. Valjean anamwozesha Cosette kwa Marius, kisha anamfuata Marius na kumwambia mimi ni mfungwa wa zamani. Hakulazimishwa na mtu. Marius hamfukuzi, anamwacha aje kumwona Cosette kwenye chumba cha chini. Siku moja anakuta moto haujawashwa. Siku nyingine viti vya kukalia vimeondolewa. Ameelewa, haji tena. Mlionyimwa viti na ndugu mnajua ninachosema. Marius anaujua ukweli mwishoni, wanamkimbilia, wanamkuta anakufa, na vile vinara vya askofu vinawaka.

#10 Msomaji wa Usiku

Mleta uzi, bado nasimamia duka langu na kufuli langu. Ila nimetafuta kitabu, nipo ukurasa wa mia. Swali langu la mwisho: yule mjomba yuko wapi sasa?

#11 Mleta uzi

Usikate tamaa kwenye kurasa za Waterloo kaka, ni nyingi, ukizidiwa ruka urudi baadaye.

Mjomba yupo. Ni fundi baiskeli, ana banda la mabati karibu na sokoni. Yule aliyemkodishia eneo alijua habari zake zote na akamkodishia, lakini kwa kodi ya kila wiki, alipwe kwanza. Ana daftari la kurasa za mistari, lina majina ya wanakikoba na madeni yao, anawalipa kidogokidogo. Wengine wanapokea na kumsalimia. Mama mmoja anapokea bila kumtazama. Majina kama kumi na moja hivi yamechorwa mstari.

Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, basi jioni naenda kumsimulia hii riwaya huku yeye akiziba pancha. Nilimsimulia askofu, akasikiliza. Nilimsimulia vinara, akasema "enhe". Nilipofika kwenye ule uwanda, mguu juu ya sarafu, aliacha mpira kwenye karai la maji, hakusema kitu, nami nikaendelea mpaka Arras.

Siku nilipomaliza, baada ya kifo na vinara, aliniuliza swali moja tu.

"Na yule mtoto, hela yake alirudishiwa?"

Nikamwambia hapana mjomba. Alimtafuta miaka yote, hakuonekana tena mpaka kitabu kinaisha.

Akafungua lile daftari, akaweka kidole kwenye jina moja. Mama aliyehama mtaa wakati yeye yuko ndani, shilingi elfu sitini na tano, hakuna anayejua alikoelekea. Akaniuliza kama kwenye simu yangu mtu anaweza kutafutwa kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Tumeanza kumtafuta jana.